Dakika Ishirini kwa Siku: Mazoezi Yanavyoishusha Handikapu ya Gofu

Handikapu ni namba inayoonyesha jinsi mchezaji wa gofu wa ridhaa anavyoweza kucheza katika siku zake nzuri. Si wastani wa matokeo yake yote, ingawa wengi huichukulia hivyo, kisha hukata tamaa wanapoona kwamba raundi baada ya raundi wanamaliza mikwaju mitatu au minne juu ya ile wanayoruhusiwa. Mchezaji wa handikapu 18 anayemaliza na mikwaju 93 au 94 kwenye kiwanja chenye kiwango cha 72 hajacheza vibaya. Amecheza kama kawaida yake. Mikwaju 90 ni ya siku ile mkono umekubali. Jambo hili linafaa kueleweka kabla ya kuuliza mazoezi yana faida gani, kwa maana linalibadilisha swali lenyewe. Kazi ya mazoezi ni kuzifanya siku nzuri ziwe nzuri zaidi, na ziwe nyingi zaidi.

Mfumo unaotumika leo ulianza Januari 2020, pale R&A yenye makao yake St Andrews, Scotland, na USGA ya Marekani zilipounganisha taratibu sita zilizokuwa zikitumika sehemu mbalimbali za dunia. Kila raundi ambayo kadi yake imerudishwa hugeuzwa kuwa "tofauti". Mikwaju iliyopigwa hutolewa ukadiriaji wa kiwanja, yaani mikwaju inayotarajiwa hapo kwa mchezaji wa handikapu sifuri, na kinachobaki huzidishwa kwa 113 na kugawanywa kwa kipimo cha ugumu wa kiwanja hicho. Hiyo 113 ni ugumu wa kawaida. Viwanja hupimwa kuanzia 55 hadi 155. Kwa mfano, kwenye kiwanja kilichokadiriwa kuwa 72.1 na chenye ugumu wa 128, aliyepiga mikwaju 92 anapata tofauti ya 17.6. Katika tofauti 20 za mwisho, nane ndogo kuliko zote huchukuliwa na kutafutiwa wastani, na wastani huo ndio handikapu. Zile 12 nyingine hukaa pembeni tu. Hata shimo moja lililoharibika halimzamishi mchezaji, kwani katika hesabu hii kila shimo lina ukomo: mikwaju miwili juu ya kiwango chake, pamoja na ile ya nyongeza anayostahili mchezaji kwenye shimo hilo. Handikapu ya juu kabisa ni 54, kwa wanaume na kwa wanawake.

Anayeanza mazoezi ya dhati anapaswa kuijua hesabu hiyo ili asivunjike moyo mapema. Chukua mchezaji ambaye tofauti zake nane bora zote ziko karibu na 18. Baada ya wiki kadhaa za mazoezi uwezo wake unasogea, na sasa anaweza kucheza tofauti ya 15. Raundi ya kwanza ya namna hiyo inaiondoa 18 moja na kuingia mahali pake, na handikapu inashuka kwa chini ya nusu ya mkwaju. Zinatakiwa raundi nane za aina hiyo kabla namba yenyewe haijafika 15. Kwa mtu anayecheza mara mbili kwa mwezi, hiyo ni miezi minne, tena ikiwa hakuna hata raundi moja iliyomwendea kombo. Hapa ndipo wengi wanapoishia njiani. Wamefanya mazoezi wiki sita, wanafungua simu na kuona 17.6, wanaamua kwamba jasho lao limepotea bure. Halijapotea. Liko mkononi tayari, halijafika kwenye hesabu.

Upande wa pili ni wa hatari zaidi kwa sababu unabembeleza. Aliyeacha mazoezi haadhibiwi mara moja. Raundi zake nzuri za zamani zinaendelea kuhesabiwa hadi zisukumwe nje na raundi 20 mpya, na kwa mwendo wa raundi mbili kwa mwezi kazi hiyo inachukua miezi kumi. Isitoshe, mfumo una breki. Handikapu ikipanda zaidi ya 3 juu ya ile ya chini kabisa aliyowahi kuwa nayo mchezaji katika mwaka uliopita, ongezeko linalozidi hapo hukatwa nusu, na haiwezi kamwe kupanda zaidi ya 5. Breki hizo husaidia kuwazuia watu wanaojipandishia handikapu kwa makusudi ili washinde zawadi, lakini zina athari nyingine: mtu aliyekaa miezi bila kushika fimbo anaendelea kubeba namba iliyo nzuri kuliko mchezo wake. Anaingia kwenye mashindano ya klabu na handikapu ya mwaka jana na mkono wa leo, na anashindwa na watu ambao zamani alikuwa akiwapa mikwaju ya nyongeza.

Mkono hupoteza nini hasa? Mpira wa gofu una kipenyo cha milimita 42.67 na uzito usiozidi gramu 45.93, na uso wa fimbo huugusa kwa takribani nusu ya sehemu moja ya elfu ya sekunde. Baada ya hapo mchezaji hana la kufanya tena. Kwa mkwaju wa mita 200, uso wa fimbo ukiwa umegeuka digrii moja tu, mstari wa kutoka mpira unakosea shabaha kwa mita tatu na nusu. Ukigeuka digrii nne, kosa ni mita 14, na katika viwanja vingi huo ndio umbali wa kutoka katikati ya nyasi zilizokatwa hadi vichakani. Kwenye grini mambo ni membamba zaidi. Shimo lina upana wa milimita 108, na mpira ulio umbali wa mita 2.4 una nafasi ya digrii moja na kidogo kila upande. Hakuna anayeweza kufikiria digrii moja wakati fimbo inashuka. Mkono wenyewe ndio unaojua, na ujuzi wa namna hii huchujuka usipotumiwa.

Hali hii huonekana waziwazi kwa mchezaji anayerudi uwanjani baada ya wiki tatu za safari au kazi nyingi. Tuseme anatumia mkono wa kulia. Kidole gumba cha kushoto, ambacho kilikuwa kikilala juu ya mpini kuelekea kulia kidogo, sasa kimesogea kikakaa katikati, naye hajui. Kwa kuwa hana uhakika, anaukaza mshiko, na mshiko uliokazwa unakaza mikono mpaka mabegani. Mkwaju wa kwanza unapinda kulia. Anajaribu kurekebisha kwa kuelekeza mabega kushoto, na sasa ana makosa mawili yanayopingana, ambayo huenda yakampa mkwaju mmoja mzuri kati ya mitano. Kufikia shimo la saba mwili umeanza kukumbuka, lakini kadi imeshaharibika. Mwenye kushika fimbo kila siku mbili hapiti njia hii ndefu, na pengine hiyo ndiyo faida kubwa kuliko zote ya mazoezi ya mara kwa mara: anafika shimo la kwanza akiwa tayari ameshafika.

Wanasaikolojia wamelichunguza kwa muda mrefu suala la kugawa mazoezi. Mwaka 1978 Alan Baddeley na D. J. A. Longman walichapisha matokeo ya kuwafundisha wafanyakazi wa posta wa Uingereza kupiga taipu. Baadhi walijifunza saa moja tu kwa siku, wengine walifundishwa hadi saa nne kwa siku. Wale wa saa moja walifikia katika saa 55 kiwango ambacho wale wa saa nne walikifikia katika takribani saa 80. La kushangaza ni kwamba wale wa saa moja ndio walioridhika kidogo kuliko wote, kwa sababu siku zilikuwa nyingi na kila siku walihisi hawaendi popote. Kupiga taipu si kupiga mpira, lakini vyote viwili ni ujuzi wa mkono, na hali ni ileile kwa mchezaji wa gofu anayefanya dakika ishirini kila jioni huku mwenzake akipiga mipira mia mbili Jumapili mchana. Huyu wa Jumapili anarudi nyumbani na malengelenge na furaha. Yule wa jioni haoni maendeleo yoyote kuanzia Jumatatu hadi Jumanne, na ndiye anayeendelea.

Namna ya kuyapanga mazoezi ina uzito karibu sawa na ratiba. Katika uwanja wa mazoezi, desturi ni kununua ndoo ya mipira, kuchukua fimbo moja na kupiga mpaka ndoo iishe. Mpira wa kumi unakuwa bora kuliko wa kwanza, wa thelathini bora zaidi, na mtu anaondoka akiamini amepata dawa. Mwaka 1979 John Shea na Robyn Morgan waliwapa watu kazi ya kuangusha vizuizi vidogo vya mbao kwa mkono, kwa mipangilio mitatu tofauti. Kundi moja lilirudia mpangilio mmoja mpaka ukakamilika ndipo likahamia mwingine. La pili lilichanganyiwa. Wakati wa mazoezi kundi la kwanza lilifanya vizuri zaidi, lakini watu walipopimwa baadaye, waliochanganyiwa ndio waliokuwa wamehifadhi ujuzi. Gofu kwa asili yake ni mchezo wa kuchanganya. Hakuna shimo linalomruhusu mtu kupiga mkwaju uleule mara thelathini. Anapiga draiva, anatembea dakika kadhaa, anapiga fimbo ya chuma, anatembea tena, anachota mpira kwenye mchanga. Kwa hiyo ndoo ya mipira 50 inamfaa mchezaji zaidi akibadilisha fimbo na shabaha kila mpira au kila baada ya miwili mitatu, akirudi nyuma ya mpira kila mara na kujipanga upya kama vile yuko kwenye shimo la kweli. Mikwaju itaonekana mibaya siku hiyo. Kurudia mkwaju mmoja mfululizo kuna mahali pake pale mwalimu anapobadilisha mshiko au mkao, kwa siku chache za mwanzo, basi.

Swali la kufanyia mazoezi nini limebadilika sana katika miaka ya karibuni. Zamani jibu la kila klabu lilikuwa kwamba mchezaji hushinda au kushindwa kwenye grini, kwa hiyo mtu asukume mpira asubuhi na jioni. Mark Broadie, profesa wa Chuo Kikuu cha Columbia, New York, alikusanya takwimu za mikwaju mingi sana ya wachezaji wa kulipwa na wa ridhaa, akapima kila mkwaju kwa kiasi ulivyopunguza idadi ya mikwaju iliyobaki hadi shimoni. Mwaka 2011 mfululizo wa mashindano ya PGA Tour ulianza kutumia kipimo chake kwa mikwaju ya kwenye grini, na mwaka 2014 akatoa kitabu, Every Shot Counts. Alichokiona ni kwamba karibu theluthi mbili ya tofauti kati ya wachezaji wazuri na dhaifu hutokana na mikwaju mirefu, yaani draiva na fimbo za kuelekea grini. Mikwaju mifupi na ya kwenye grini huchangia theluthi iliyobaki. Hata wachezaji wa kulipwa huingiza mpira mmoja tu kati ya miwili wanapokuwa mita 2.4 kutoka shimoni, kwa hiyo anayejilaumu kwa kukosa mipira ya umbali huo anajilaumu bure.

Matokeo hayo hayana maana kwamba grini iachwe. Theluthi moja ya tofauti hiyo ni mikwaju mingi kwa mtu mwenye handikapu 24, na mazoezi ya grini hayahitaji nguvu, hayaumizi mgongo, na mara nyingi hayatozwi ada ya ziada. Lipo zoezi moja la zamani linalofaa kutazamwa kwa karibu. Mchezaji anapanga mipira minane kulizunguka shimo kama duara, kila mmoja umbali wa mita moja, yaani hatua moja ndefu. Anaanza na ule ulio chini ya mteremko, kwa sababu ni rahisi, kisha anazunguka. Mpira wa tatu unakuja ukivuka mteremko kutoka kushoto, na hapo lazima alenge ukingo wa shimo wala si katikati. Wa tano uko juu ya mteremko, na ukisukumwa kwa nguvu ileile ya wa kwanza utapita shimo kwa mita moja na nusu. Akikosa mmoja, anaanza upya. Mpira wa nane ndio wenye somo. Saba imeingia, moyo umeanza kudunda, mikono inataka kumaliza haraka, na hali hiyo ndiyo itakayomkuta Jumamosi kwenye shimo la 18. Zoezi zima halizidi robo saa, na hakuna njia nyingine ya bei nafuu ya kujizoeza hofu.

Kwa mikwaju mirefu, kioo cha mchezaji ni ardhi. Fimbo ya chuma ikipigwa sawasawa hugusa mpira kwanza, kisha hukata ulimi mwembamba wa nyasi mbele ya pale mpira ulipokuwa. Ulimi huo ukianza nyuma ya mpira, fimbo imegonga udongo kwanza na mpira utaanguka mapema. Ukiwa mnene upande mmoja, fimbo imelala vibaya. Ukielekea kushoto ya shabaha, mwendo wa fimbo umevuka mstari. Mchezaji wa ridhaa anayeinama kuitazama ardhi baada ya kila mkwaju, badala ya kuufuata mpira tu kwa macho, anapata mwalimu wa bure. Wenye handikapu zaidi ya 20 watapunguza mikwaju mingi kwa jambo hili moja, maana mkwaju uliogonga udongo kwanza huwa umetupwa bure: mpira umesogea mita thelathini na kazi ni ileile.

Katika Afrika Mashariki nguvu ya kushika fimbo kila siku imeonekana kwa makedi, wale wabeba fimbo, kuliko kwa wanachama wa klabu. Klabu ya Royal Nairobi ilianzishwa 1906, mashindano ya Kenya Open yamechezwa tangu 1967, na kwa muda wote huo vijana waliokuwa wakibeba mifuko ya wengine wamekuwa wakijifunza mchezo pembezoni mwa kiwanja kwa fimbo moja au mbili za kuazima. Wachezaji wengi wa kulipwa wa Kenya, Uganda na Tanzania wametokea huko. Hawakuwa na ndoo za mipira wala mwalimu wa kulipia. Walikuwa uwanjani kila siku, wakitazama mamia ya mikwaju mizuri na mibaya, wakijua mteremko wa kila grini, na wakipata nusu saa ya kupiga kabla giza halijaingia. Kijana mwenye fimbo moja hulazimika kupiga nayo mkwaju mrefu, mfupi, wa juu na wa chini, na bila kuambiwa na mtu yeyote anafanya yale mazoezi ya kuchanganya ambayo watafiti waliyapima kwa vizuizi vya mbao.

Mchezaji wa kawaida wa viwanja vya Gymkhana na Lugalo jijini Dar es Salaam, au cha Kitante, Kampala, ana vizuizi vyake. Kuna kazi, kuna foleni za magari, kuna ada. Kuna masika, ambapo kuanzia Machi hadi Mei uwanja unaweza kulowa wiki nzima. Pia kuna tofauti za mahali zinazoweza kumchanganya asiyefanya mazoezi: mpira uliozoea hewa nyepesi ya Nairobi, mita 1,600 na zaidi juu ya usawa wa bahari, huenda mbali kuliko uleule ukipigwa pwani, na anayeshuka kwenda Vipingo, huko pwani, bila kulijua hilo atakuwa akiangukia mchangani mbele ya grini mchana kutwa. Yapo mengi ambayo hayahitaji uwanja. Mshiko unaweza kufanyiwa kazi sebuleni kwa dakika tano. Mpira unaweza kusukumwa juu ya zulia upite kati ya sarafu mbili zilizoachana kidogo kuliko upana wa shimo. Mwendo wa taratibu bila mpira, mbele ya kioo, unarekebisha mabega kuliko mipira hamsini iliyopigwa kwa hasira.

Kiasi gani kinatosha? Dan McLaughlin, mpigapicha wa Portland, Oregon, aliacha kazi na mwaka 2010 akaanza gofu kutoka sifuri, akikusudia kufanya mazoezi kwa saa 10,000. Namba hiyo ilitokana na utafiti wa Anders Ericsson na wenzake wa 1993 kuhusu wapiga fidla wa Berlin, na Malcolm Gladwell aliieneza kwa kitabu chake cha 2008, ingawa Ericsson mwenyewe alipinga wazo kwamba kuna uchawi ndani yake. McLaughlin alianzia karibu na shimo, akawa anarudi nyuma kidogo kidogo. Alifikia handikapu 2.6, kiwango ambacho ni wachache sana wa ridhaa wanaokigusa, kisha mwaka 2015 maumivu ya mgongo yakamsimamisha baada ya saa 6,000 na ushei. Kisa chake kinaonyesha mambo mawili kwa pamoja: mtu mzima asiye na historia ya mchezo anaweza kufika mbali mno kwa kazi, na mwili una bei yake.

Mwaka 2014 Brooke Macnamara na wenzake walikusanya tafiti nyingi na kuona kwamba katika michezo, mazoezi ya makusudi yanaeleza takribani asilimia 18 ya tofauti za uwezo kati ya mtu na mtu. Takwimu hiyo mara nyingi husomwa vibaya. Haisemi kwamba mazoezi humpa mtu asilimia 18 ya uwezo wake. Inasema kwamba ukiwaweka watu wengi pamoja, umri wa kuanza, maumbile, mwalimu na mambo mengine yanachangia sehemu kubwa ya kwa nini huyu yuko juu ya yule. Mchezaji wa ridhaa hashindani na maumbile ya jirani yake. Anashindana na tofauti zake nane za mwaka huu. Huko Marekani, wanaume wenye handikapu rasmi wana wastani wa karibu 14 na wanawake karibu 28, na hao ni watu wanaojali mchezo kiasi cha kurudisha kadi. Kwa mwenye miaka 45 aliyeanza ukubwani, kutoka 28 hadi 18 ni lengo la kweli kwa mazoezi mafupi ya karibu kila siku na raundi ya kila wiki. Kutoka 10 hadi 5 ni kazi ngumu zaidi ya hiyo, ingawa namba ni ndogo, kwa sababu makosa makubwa yalikwisha kuondolewa na yaliyobaki ni ya nusu digrii.

Ili mazoezi yaende mahali panapostahili, kadi inapaswa kueleza zaidi ya jumla ya mikwaju. Wachezaji wanaoendelea huweka alama tatu ndogo pembeni mwa kila shimo: kama mpira wa kwanza ulitua kwenye nyasi zilizokatwa, kama grini ilifikiwa kwa idadi inayotarajiwa, na walisukuma mara ngapi kwenye grini. Baada ya raundi tano alama hizo huonyesha ugonjwa uko wapi, na mara nyingi hauko pale mwenyewe alipodhani. Aliyejiona dhaifu kwenye grini anagundua kwamba husukuma mara tatu kwa sababu mpira wake wa kuelekea grini unatua mita 15 kutoka shimoni. Mwezi unaofuata dakika zake ishirini zinahamia kwenye fimbo ya chuma namba saba, na kadi mpya inaingia kwenye zile 20, iliyo kongwe kuliko zote ikitoka.